Mzungu Aliyekuwa Akiniita

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wa kukaangwa ikinipata popote hapa Nairobi, ninasikia gitaa. Nyumbani kwetu Kisumu Ndogo, Kibera, vitu hivyo viwili havikuachana: mama mlangoni akikaanga omena wa kuuza, na ndani redio ikicheza kaseti pekee tuliyokuwa nayo, ambayo aliikuta kwenye mfuko wa koti la mtumba. Ilikuwa bendi ya Wazungu, nyimbo za usingizi usingizi, magitaa yametanda kama moshi wa jiko, na mwanamke anaimba huko nyuma, mbali, maneno hayashikiki. Mama alikuwa mtu wa kwaya na gitaa kwake lilikuwa la walevi, lakini kaseti hiyo aliipenda kwa sababu moja tu. Katika wimbo wa mwisho, yule Mzungu alikuwa akiita jina langu: Awuor, Awuor. Mama aliapa. Majirani, Wajaluo kama sisi, wakaja kusikiliza, nao wakaapa.

Msimu wa mvua nikiwa darasa la tatu, malaria ilinipanda kichwani. Njia ya kutokea ilikuwa imegeuka mto wa matope, na mama hangeweza kunibeba hadi hospitalini mpaka maji yapungue. Jirani mmoja aliyekuwa nesi alimwonya asiniache nipotelee usingizini. Basi mama akaziuma betri kwa meno zipate nguvu, na kila wimbo ule wa mwisho ulipoisha akairudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya biro ili asizimalize betri. "Awuor, haki unaitwa! Itika bana, usininyamazie!" Nami nikaitika: "Niko." Akazungusha biro, mwanamke akaita tena, nikaitika tena. Nilikuwa na hofu kwamba nikikosa mara moja tu mama atapiga nduru za msiba. Niliitika mchana kutwa, hadi wanaume wawili wakaja kutuvusha.

Sasa mama anakaa nami mtaa wa Kawangware 46. Ugonjwa wa kusahau umemchukua kidogo kidogo, na siku hizi ananiita sista, kama wanavyoitwa manesi. Kaseti ile ililiwa na redio zamani. Juzi nikaona kwenye simu kwamba bendi ile, wazee sasa, wamezichanganya upya studioni sauti za nyimbo zao zote. Nilijiambia, kama kuna kitu cha kumrudisha mama kwangu, ni hiki. Nikakaanga omena makusudi, nikamketisha karibu, nikabonyeza wimbo ule wa mwisho. Loo, wameusafisha wimbo! Moshi wote wa gitaa umefagiliwa, sauti ya mwanamke imeletwa mbele, kila neno limenyooka. Na palipokuwa na jina langu anasema Kiingereza tu, "a while, a while", yaani kitambo kidogo. Hakuwahi kumwita mtu. Niliwachukia wazee wale kama walioniibia.

"Huyu naye anasema nini?" mama akauliza.

"Hata sijui, mama."

Nikaurudisha wimbo. Ulipofika mahali pale nikaita mwenyewe, kwa nguvu, nikiifunika sauti ya yule mwanamke: "Awuor! Awuor!" Nilitaka anitazame tu, ajue ni mimi. Mama akaacha kuchezea leso yake. Akainua kichwa haraka, kwa woga wa mtoto anayeogopa kukosea.

"Niko," akaitika. "Niko, sista. Usilie."