Cheti cha Siku Thelathini

Heidrun Lemke alifanya kazi miaka thelathini na moja katika ofisi ya mitihani ya kitivo cha udaktari, katika mji wetu wa pwani ya Baltiki, Ujerumani. Miaka kumi na miwili ya mwisho meza yake ilitazamana na yangu. Alikuwa mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na karatasi yoyote aliigeuza akaitazama nyuma kabla ya kuisoma mbele. Wanafunzi walimwogopa. Hata mimi, mwaka wa kwanza, nilikuwa nakunywa kahawa yangu koridoni.

Kazi yetu ilikuwa kupokea vyeti vya mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi hukaa hospitalini siku thelathini, hata nchi za nje akitaka, na daktari wa huko hutia saini na muhuri kwamba alikuwepo. Bila siku hizo hafanyi mtihani.

Korona ilipoingia mwaka 2020, wanafunzi wetu wa nje walirudi mmoja mmoja. Huyu alitolewa hospitalini Hispania siku ya tano. Yule alifungiwa chumbani Ireland bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Wote walileta vyeti pungufu na malalamiko mengi. Kisha, mwezi wa Juni, akaja Malte Rohwer, kijana mrefu aliyeinamisha mabega, kutoka kaskazini mwa Italia, kulekule ugonjwa ulikoanza kuwaka Ulaya. Cheti chake kilikuwa kamili: tarehe 17 Februari hadi 17 Machi.

Heidrun alikigeuza, akakitazama nyuma, akakirudisha mbele.

"Siku thelathini, Bwana Rohwer? Italia?"

"Ndiyo, Bi Lemke."

"Wodi gani?"

"Imeandikwa hapo."

"Sijauliza kilichoandikwa."

Nyuma ya kioo cha plastiki tulichowekewa kwa ajili ya korona, na barakoa usoni, kijana alionekana macho tu, na macho hayo yalikimbilia dirishani. Akasema wodi ya magonjwa ya ndani, chini ya Dakta fulani, akaaga.

"Uta," Heidrun aliniita kwa jina mlango ulipofungwa, "hebu njoo uone hii tarakimu moja."

Tarehe iliyo kando ya saini ya daktari ilikuwa na tarakimu 1 yenye mkono mrefu wa kupanda, kama paa la upande mmoja. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa kuandika sisi shuleni, Wajerumani. Mwitaliano huchora kijiti tu.

"Pengine daktari alisoma huku," nikasema.

"Pengine," akajibu, kwa sauti ya mtu asiyekubali.

Kesho yake alipiga simu hospitali ile. Mtu wa mapokezi aliyejua Kijerumani kidogo akamwambia kwamba wanafunzi wote waliondolewa tarehe 27 Februari. Wote. Na yule daktari? Alilazwa Machi mwanzoni, hajarudi kazini. Heidrun aliweka simu chini, akahesabu kwa vidole: siku kumi na moja.

Hapa lazima niseme jambo. Heidrun mwenyewe aliwahi kutaka kuwa daktari. Alikuwa na miaka kumi na minane, enzi za Ujerumani Mashariki, na akakataliwa bila sababu. Miaka mingi baadaye, mafaili ya polisi wa siri yalipofunguliwa, akasoma taarifa ya jirani kwamba kwao kulikuwa kunakuja mgeni kutoka Ujerumani Magharibi, upande wa adui. Kumbe mgeni huyo alikuwa fundi wa majiko wa hapohapo mjini. Kwa hiyo karatasi ya uongo aliichukia kwa namna yake, na kuchongea watu alikuchukia vilevile. Wiki ile alikuwa hakaliki karibu.

Alimwita kijana tena. Akamwonyesha ile 1 ya kando ya saini.

"Nani ameandika hii?"

Malte akauliza, "Utampelekea mkuu wa kitivo?"

"Jibu kwanza."

"Mimi. Daktari alinipa fomu yenye muhuri siku ya kwanza, akasema tutaijaza mwishoni. Mwishoni hakuwepo, nikaitia saini mwenyewe."

"Na wewe ulikuwa wapi? Ufukweni?"

Aliruka kutoka kitini, nikadhani atapiga kioo. "Nilikuwa humohumo! Walitutoa wodini, treni zikasimama, mimi nikaomba kazi kwa wapagazi. Nilisukuma mitungi ya oksijeni. Halafu nikashika simu."

"Simu gani?"

"Wagonjwa hawakuruhusiwa kutembelewa. Nilikuwa nawashikia simu waongee na watu wao. Mpaka mwisho wa Aprili." Akatoa kijidaftari kichafu, akakipenyeza chini ya kioo. Majina ya kwanza, saa, namba za simu. Baadhi ya majina yalikuwa na msalaba mdogo pembeni.

"Daftari mtu yeyote anaweza kuandika," Heidrun akasema.

"Basi piga! Chagua mwenyewe!"

Kijana akaondoka bila kulichukua. Heidrun alilitazama siku mbili. Siku ya tatu aliniburuta hadi duka la aiskrimu la Dario, Mwitaliano aliyekuwa amekaa mjini kwetu miaka ishirini, akamwomba atafsiri. Akaweka kidole kwenye namba mojawapo akiwa amefumba macho, ili mtu asije akasema namba ilichaguliwa makusudi.

Dario akapiga, mwanamke akapokea. Dario alianza kwa adabu, kisha akawa anasikiliza tu, mkono kiunoni, wateja wakisubiri.

"Anamjua," akatuambia. "Yule Mjerumani mrefu, Kiitaliano kibovu. Baba wa huyu mama alikuwa hasikii vizuri, kijana akawa anamrudia maneno ya bintiye sikioni, akiyakosea, na mzee akacheka. Anauliza kama kijana mzima."

"Mwambie mzima," Heidrun akasema. "Mwulize tarehe."

"Mama wee, hata sasa?" Dario akamkazia macho. Akauliza. Ilikuwa tarehe nane Aprili.

Nilidhani mambo yameisha. Jumatatu Malte alipokuja, Heidrun alimrudishia daftari, na cheti juu yake, bila kukiingiza kwenye rejista.

"Sijakipokea hiki. Hakijawahi kufika hapa. Niletee cha siku kumi na moja, kilichotiwa saini na mtu aliye kazini na mwenye haki ya kutia saini. Kumi na tisa zilizobaki utazifanya hapa mjini, kanuni mpya zinaruhusu."

"Umewapigia na bado huniamini?"

"Wewe nakuamini. Ulipokuwa mpagazi hukuwa mwanafunzi. Na saini ya mtu si yako."

Malte alichana cheti mbele yetu, akatoka bila kwaheri. Siku kumi na tisa alizimaliza Septemba, kwenye hospitali iliyo nyuma ya stesheni, akanung'unika kila mahali kwamba Lemke hana moyo. Mtihani alifaulu.

Heidrun alistaafu miaka mitatu baadaye. Siku yake ya mwisho Malte, sasa daktari, alikuja ofisini mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Bi Lemke, nataka kujua tu. Ungenishtaki?"

Heidrun alikuwa anafunga vikombe vyake kwa magazeti. Hakuinua kichwa.

"Barua ya kwa mkuu wa kitivo ilikuwa tayari," akasema. "Wiki mbili nilitembea nayo kwenye mkoba. Nipitishie kile kikombe cha bluu."