Chupa ya Maji ya Moto

Nilimuuliza mara tatu kama inamuunguza. Mara zote alikana.

Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi Iringa, na Mbeya ndipo nilipoanzia kazi. Wodini tuligawana kazi, si wagonjwa: mmoja vipimajoto, mmoja vitanda, mwingine vidonda. Mimi nilipewa sindano. Nilizichemsha zile za kioo, nikapima insulini, kisha nikaipima tena kwa hofu ya kukosea.

Babu niliyemuuliza alikuwa mfugaji kutoka Usangu, mwenye ugonjwa wa sukari. Alasiri moja ya Juni, baridi ikipenya madirishani, nilimkuta amejikunyata. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, nikamwekea miguuni, juu ya soksi.

"Haikuunguzi, babu?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Mjukuu, unahoji kama polisi wa mnadani. Hawa ng'ombe si wa wizi."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka. Nikauliza tena.

"Iache hapo. Raha tupu."

Chuoni tulifundishwa kuvua soksi, kutazama katikati ya vidole, kugusa nyayo kwa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, kwa kuwa sukari huua hisia za miguu. Kwenye mtihani nilijibu vizuri. Lakini wodini miguu haikuwa kazi ya mtu wa sindano. Kesho yake wa vitanda alichomekea blanketi, wa vipimajoto akaandika joto, nami nikachoma sindano ya mkononi nikaenda zangu. Siku ya nne wa vidonda, akimhudumia yule jirani, alisikia harufu. Soksi ya mguu mmoja ilitoka na ngozi.

Walimkata mguu chini ya goti.

Nilipanga maneno tangu asubuhi. Nilipofika kitandani yakabaki machache.

"Babu, chupa ile niliiweka mimi."

"Si nilikuona."

"Mbona ulisema raha?"

"Sikusikia moto wala baridi. Lakini ulikuwa na wasiwasi mno, mjukuu. Nikaona nisikuvunje moyo."

Akageukia dirishani. Baadaye akauliza, taratibu, kama anayeulizia njia, "Sasa ng'ombe nitawafuataje?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikafunua blanketi, nikavua soksi ya mguu uliobaki.