Midoli ya Bwana Yangu na Bunduki Zao

Kazi ya mgodi ilipokufa, wanaume wengine walichukua majembe wakaenda kulima mahindi kule Annexe, pembezoni mwa mji. Bwana yangu alichukua wembe na tupa, akaanza kuwatengenezea midoli silaha.

Ndiyo, midoli! Wanajeshi wa plastiki wenye mikono inayokunjika, ambao mdogo wake alikuwa akimtumia kutoka Bulaya. Mutu muzima, fundi wa vyuma, baba wa watoto wanne, anakalia meza yangu ya kulia akilalamika kwamba bunduki walizokuja nazo "haiko ya kweli." Basi anakata kitako cha plastiki, anabandika kingine cha kijiti cha kiberiti. Mtutu anauchonga upya kwa waya wa shaba, mdomo anautoboa kwa sindano, huku amezuia pumzi. Nikimwita aje kula bukari, ule ugali wetu, ananyanyua kidole: ngoja. Ningoje nini, jamani? Vita gani hiyo inayomsubiri?

Vita yenyewe ilikuwa nje. Wanajeshi wapya walikuwa wameingia mjini, na pale kwetu Makomeno walipita nyumba kwa nyumba wakichukua wanaume wanaojua kutengeneza silaha. Jirani yetu, fundi wa kuunga vyuma, walimchukua Jumatatu, hakurudi.

"Ficha bile bintu," nikamwambia bwana yangu.

"Mama, iko bya kuchezea tu."

Wakaja wanajeshi wawili. Mmoja akaona ile midoli mezani, akacheka, akataka kutoka. Mambo yangeishia hapo. Lakini fundi wangu hawezi kuona kosa akanyamaza. Akaikazia macho bunduki ya yule mwanajeshi, ya kweli kabisa, akasema kwa sauti ya mwalimu: "Shefu, hiki kitako haiko ya hii bunduki. Balikitoa ku bunduki ingine."

Si wanasema ulimi huponza kichwa? Kicheko kikakatika. "Kumbe unajua silaha," akasema, akamkamata mkono.

Nikapiga kelele: "Huyu? Huyu anajua nini? Hata kuku anaogopa kuchinja! Batoto wanalala na njaa, yeye anachezea midoli! Mumubebe, muniondolee huyu mzigo, kesho mutamurudisha benyewe!" Nikaimwaga midoli sakafuni, nikaikanyaga mbele yao.

Walicheka hadi wakaegemea ukuta. "Mama, bakia na mutoto yako wa tano," wakasema, wakamwachia, wakaenda zao.

Bwana yangu alipiga magoti akaanza kuokota vipande.

"Nimekuokoa," nikasema.

"Najua." Hakuinua uso. "Ile yote ulisema, ulianza kuiwaza tangu lini?"

Nilitaka kumwambia yalikuwa maneno ya kuwadanganya wale tu. Badala yake nikapiga magoti kando yake, nikaanza kuokota vijiti vya kiberiti.