Chupa za Bia za Mama Ernestine

Jirani yangu Ernestine ni shemasi kanisani, pombe haonji, lakini mtaa mzima ulimwona akitoka baa na kapu la chupa tupu za bia. Midomo ikafanya kazi. Hata mimi, Kanku, nilicheka, na bustani yangu ndiyo aliyokuwa akiipigania.

Ninalima lengalenga, mchicha wetu, kando ya kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha mabomba na maturubai chakavu ya plastiki ya migodini. Akina mama tunamwagilia kwa maji yale, na watoto wa Kolwezi wanakula. Ernestine hupima maji katika maabara ndogo hapa mjini. Alikuwa akitafuta humo dawa inayotiwa kulainisha plastiki, chembe usizoziona wala kuzinusa, zisizofaa tumboni mwa mtoto. Sasa, utatafutaje plastiki ndani ya maji uliyoyabeba kwa plastiki? Alitaka kioo, na kioo cha bure kiko baa. Chupa alizisugua, akazichoma kwenye oveni, akazifunika kwa karatasi ya alumini.

Kiwanda nacho kilikuwa na mpimaji wake, Donatien. Yeye alipata kwamba maji ya kijito na ya kisima yako sawasawa, basi kijito hakina neno. Ernestine alipata maji ya kisima hayana dawa ile na ya kijito yamejaa. Modeste, mkubwa wa Ernestine, akawaita walinganishe, na sisi wakulima tukaenda kusikiliza.

"Tata Donatien, maji mulileta mu nini?" Ernestine akauliza.

"Mu bidon. Kila mutu anabeba maji mu bidon."

"Na kifuniko?"

"Kilipotea. Tulikunja sashe, tukaziba nayo, sawa vile kwenu ku nyumba."

Kweli tupu. Nani hapa kwetu ana bidon, dumu la plastiki, lenye kifuniko chake? Mfuko laini wa plastiki ukiukunja vizuri, safari yote haidondoki hata tone.

"Mi nilitia maji safi kabisa mu bidon ya vile, nikaziba na sashe, nikaiacha mu jua," akasema Ernestine. "Nilipopima, nikapata hesabu yako ile ile. Mulipima bidon na sashe, tata. Kijito hamukupima."

Modeste akakohoa.

"Tuchukue katikati. Kila mutu ashuke kidogo, tutie sinyatire ku ripoti moja, bitu biishe. Ukikatala, Mama Ernestine, urudishe koti."

Kati ya kweli na uongo kuna nini cha kugawana? Ernestine alivua koti lake jeupe la maabara, akalikunja taratibu, akaliweka mezani.

"Koti ni yenu. Jina njo yangu. Haitaingia pale."

Akatoka, nasi nyuma yake. Modeste alitia sahihi ripoti ile peke yake siku ileile, bila aibu.

Asubuhi nilishika jembe nikang'oa bustani yangu yote, lengalenga niliyokuwa nimeitegemea mwezi mzima. Niliilia, sisemi uongo. Wenzangu wakang'oa zao. Tulizibeba vichwani mpaka kiwandani, tukazimwaga mbele ya geti hata gari lisipite. Donatien akatoka mbio.

Nikachagua fungu zuri, nikamnyooshea.

"Kamata, tata. Upeleke ku nyumba, batoto bakule. Si ulisema maji ni sawasawa na ya kisima?"

Mikono yake aliirudisha nyuma.