Aliyefuta Maneno ya Penseli

Ukiazima kitabu katika maktaba ile ukakuta mgongo wake umeshonwa upya, ujue kimepita mikononi mwa Mama Gundi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa chumba cha nyuma na kopo lake la gundi, uzi uliopakwa nta, sindano mbili, na raba nyeupe ya kufutia ujinga wa watu. Maana watu, jamani! Yuko anayeweka alama kwa ganda la ndizi. Yuko anayejaribia kalamu kwenye jalada. Mama Gundi aliwasema wote, tena kwa sauti, wawepo wasiwepo. Na alikuwa na mwiko wake mmoja: hashoni kitabu ambacho hajakisoma.

"Utamtibuje mgonjwa hujamuuliza anaumwa wapi?" alimwambia mkutubi, kijana mwenye miwani aliyekaa meza ya mbele.

Ndivyo alivyoingia katika zile riwaya sita za daktari na mkewe, kila moja ikianzia pale ilipoishia mwenzake. Ya kwanza ilimkosha. Daktari mpole, hapandishi sauti, mji mzima unamsifu, na mkewe akienda sokoni anamsindikiza mpaka kona. "Huyu ndiye mume sasa," Mama Gundi alisema, akamkumbuka mwanawe wa mwisho, fundi umeme, ambaye naye ni mpole hivyo hivyo. Katika ya pili daktari alimchukulia mkewe simu, eti asisumbuliwe na marafiki. Mama Gundi bado alimtetea. Mwanamke ndiye mlalamishi, alisema, wengine hata kusindikizwa hawasindikizwi. Katika ya tatu daktari alibadilisha kitasa cha chumba, ufunguo ukawa unazungukia nje. Hapo mwili ulimsisimka. Alikifunga kitabu, akautazama mlango wa chumba chake cha kazi, kisha akajicheka kwa kuogopa karatasi.

Lakini vitabu vile vilikuwa na jambo. Vyote vilimfikia vimeharibika mahali pamoja: uzi wa katikati umekatwa, kurasa zinaning'inia. Na hapo hapo, pembeni, pana maneno ya penseli kwa herufi kubwa. Cha kwanza kiliandikwa: WANGU PIA ANANISINDIKIZA MPAKA KONA. Cha pili: WANGU AMESHACHUKUA SIMU.

"Maktaba si daftari lako, bibi wee!" Mama Gundi alifoka, akashika raba. Kufuta ni kazi yake, na kazi yake aliijua. Akafuta mpaka karatasi ikawa nyeupe pepe. Katika cha tatu alikuta: KITASA CHANGU KILIBADILISHWA MWEZI ULIOPITA. Hapo alisita kidogo. Ila mkono ulishazoea. Alifuta na hayo, akapuliza vumbi la raba, akaenda kunywa chai.

Cha nne kilikuja Jumatatu. Alikifungua palipokatwa.

MAMA, USIFUTE. NAKATA UZI ILI KIFIKE KWAKO.

Aliiweka raba chini. Mama ni jina lake kwa kila mtu pale, kuanzia mfagizi hadi mkuu wa maktaba, kwa hiyo hakujua ni nani anayemwita. Alijua tu kwamba mahali fulani yuko mwanamke anayefungiwa, aliyemwita mara tatu, naye mara tatu akamziba mdomo kwa raba ya dukani. Aliviendea vile vitabu vitatu rafuni, akaviinamisha dirishani. Penseli imefutika, lakini makovu yake yalibaki kwenye karatasi, akayasoma yote upya. "Ee Mungu wangu, nimefanya nini," alisema. Kutwa nzima hakushona kitu.

Cha tano kilirudishwa Jumamosi, akakikuta mezani Jumatatu iliyofuata. CHA SITA NIMEKIAZIMA. MWISHO WAKE NIMESHAUSIKIA. MAMA, NAOGOPA.

Na Mama Gundi aliujua mwisho wa cha sita, kwani kilipowasili kipya yeye ndiye aliyekivika nailoni, akakichungulia kurasa za mwisho. Mke wa daktari anaanguka ngazini. Mji mzima unakwenda mazishini kumpa daktari pole.

Alitoka mbio na aproni yake hadi meza ya mbele. "Nani kaazima cha sita? Cha daktari."

"Mama, unajua masharti. Majina ya wasomaji hatuyatoi."

"Usinichezee, mwanangu. Mtu atakufa!"

Mkutubi alimtazama usoni, akaacha mzaha, akafungua rejesta. Kidole chake kilishuka, kikasimama. "Lakini huyu si mkweo? Mke wa mwanao fundi. Kilitakiwa kirudi juzi."

"Mkwe wangu haji hapa. Angekuja angenisalimia."

"Huja, Mama. Huja na mwanao. Mwanao anasimama hapa hapa mpaka mkewe achague, kisha husema tusikuite, tusikusumbue kazini. Mtu muungwana sana. Hata vitabu, kabla ya kurudisha, huvikung'uta kimoja kimoja. Nilidhani anatoa vumbi."

Mama Gundi alishika ukingo wa meza. Vumbi! Alikuwa anatafuta barua. Na maneno ya pembeni hayadondoki hata ukikung'uta vipi.

Sasa likamrudia lile la mwaka jana, jikoni kwake, mwanawe akiwa nje anafunga pikipiki. Mkwe alisogea karibu, akasema upesi, "Mama, kule nyumbani naogopa." Naye, huku akichambua mchele, alimjibu: "Ndoa ni kuvumilia, mwanangu. Yule hata sisimizi hamkanyagi." Akaona amempa hekima.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwanawe anakaa ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka maktaba. Mama Gundi alikwenda bila kuvua aproni, na alipofika kwenye ngazi alizikagua moja moja, akitafuta asichotaka kukiona. Ngazi zilikuwa safi. Zimepigwa deki muda si mrefu, bado mbichi, na hilo likamtisha zaidi.

Alibisha. Kimya. Akabisha tena. Ufunguo ulizunguka, akatokea mwanawe, shati limepigwa pasi, tabasamu lile lile.

"Mama! Mbona hukupiga simu? Karibu. Ila mwenzangu kalala, hajisikii vizuri."

"Nipishe nimwone."

"Amelala, Mama."

Hakupandisha sauti. Alisimama tu mlangoni, mkono kwenye mwimo wa mlango, na Mama Gundi, aliyemzaa na kumwogesha na kumfunza kusoma, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa anamwogopa mtoto wake. Akainama, akapita chini ya mkono ule.

Mlango wa chumbani ulikuwa na ufunguo nje. Aliuzungusha, akaingia. Mkwe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa kushoto umevimba ameubana kifuani. Kitabu cha sita kiko pajani. Aliinua uso, akamwona aliyeingia. Machozi yalimtoka tu.

"Hai," Mama Gundi alisema, kama anayemwambia mtu mwingine. "Yu hai. Vaa viatu, mwanangu."

"Sina viatu, Mama. Ameviweka yeye."

"Basi twende peku."

Alimwinua. Sebuleni, mlango wa nje ulikwishafungwa, na mwanawe ameketi kitini, funguo ameziweka gotini. Mama Gundi alinyoosha kiganja. 

"Lete."

Mwanawe alikitazama kiganja kile. Mkwe alijibanza nyuma ya aproni, Mama Gundi akawa anasikia pumzi yake shingoni. Kisha mwanawe akasimama, akaja taratibu, akaziweka funguo kiganjani mwa mama yake kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Chukua, Mama," alisema kwa upole. "Atarudi tu. Kwani wewe Baba alipokuwa akikufungia, ulikuwa huendi kwa bibi? Na mbona kila mara ulirudi? Nilikuwa nakuhesabia siku dirishani."

Mama Gundi aliugeukia mlango. Alimshika mkwe mkono wake mzima, akajaribu kuchomeka ufunguo, akakosa tundu mara mbili, mara ya tatu ukaingia.