Kilio Katika Banda la Video

Nakumbuka siku moja ya jua kali pale kijijini Sudi, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na njia ya kisimani ilikuwa imeanza kuogopwa. Kila mchana, nyuma ya kuta za makuti za banda la video lililokuwa kando ya njia hiyo, mwanamke alikuwa akilia. Kilio kile kile, kikikatika mahali pale pale. Wenzangu wakasema ni jini.

Shangazi yangu, Bi Somoe, hakukubali. "Huyo ni mtu, na anaumizwa." Akanishika mkono, akasukuma mlango.

Ndani giza. Wanaume wameketi mikekani, nyuso zimekuwa za buluu kwa mwanga wa televisheni, na hakuna aliyegeuka. Kwenye kioo palikuwa na mwanamke asiye na nguo, ndiye aliyekuwa akilia, uso wake kama wa mtu anayetaka kwenda kwao.

"Anaigiza tu, bibi," akasema kijana mwenye banda.

"Ulimuuliza?"

Hapo kaka yangu Selemani akageuka. Akanitazama kuanzia miguuni, taratibu, na wala hakunitambua. Tumezaliwa tumbo moja, mwanangu, lakini macho yale sikuyajua ni ya nani. Kisha akanijua, akafunika uso kwa viganja.

Ijumaa sheikh akahutubia msikitini: picha zile ni haramu, wanaume wainamishe macho, na wanawake wasipite njia ile. Shangazi akamngoja nje.

"Sheikh, macho ya wanaume umeyasemea. Yule anayelia umemsahau, na sisi umetufungia njia ya maji."

Sheikh akasema, "Kweli, Bi Somoe. Naye ni kiumbe wa Mungu."

Ijumaa iliyofuata akamwombea dua mwanamke yule tusiyemjua jina, na njia hakuikataza tena. Banda likakosa watu. Selemani alikaa muda mrefu hawezi kula nami sinia moja.

Siku hizi banda halihitajiki, simu inatosha, mwanangu. Dini imekukataza kutazama, nami sikupunguzii katazo hilo. Lakini usifikirie dhambi yako peke yake. Yule unayemtazama ana kwao, na hujui nini kilimfikisha pale. Tena ukizoea kumwona mtu kama kitu, utayaleta mazoea hayo nyumbani, kwa dada yako, kwa mkeo. Mola akuhifadhi, na amjaalie kila mwanamke atakayekutana nawe apite kwa amani. Amin.