Mshono wa Chewe

Sampa Kapasa huendesha mashine inayowashusha wachimbaji chini ya ardhi na kuwapandisha jioni. Akikosea kidogo tu, nusu ya wake wa mtaa wetu wa Chamboli ni wajane. Hilo analijua, na hutembea kama mtu ambaye mji mzima umening'inia kwenye kebo yake. Si bahili. Akiagiza munkoyo, benchi zima linakunywa. Kilichokuwa kikimuuma ni kimoja: kulipia kitu ambacho, kwa hesabu yake, kilimpasa mwanamume mwingine.

Mke wake wa kwanza alifariki akamwachia binti, Chewe. Akaja kumwoa Mwansa, aliyekuwa ameachana na muuza simu wa Ndola na kubaki na binti wa rika lile lile, Mwenya. Kwa hiyo chini ya bati moja waliishi Baba Chewe na Mama Mwenya, na wasichana wawili waliolala godoro moja wakigombania blanketi moja. Siku wakwe walipomletea vyungu vya chakula kumkaribisha rasmi, Sampa alisema mbele ya wote, kwa kinywa cha mshenga wake, kwamba anamchukua mama na mtoto, wote wake. Kwa nguvu ya maneno hayo alimla kuku wa watu kuanzia mguu mpaka shingo.

Sasa, hospitali ya mgodi humtibu mfanyakazi, mkewe na watoto aliowaandikisha. Chewe alikuwa na kadi tangu azaliwe. Mwansa alipata yake wiki ya kwanza ya ndoa. Kwa Mwenya ilitakiwa Sampa aende boma, ofisi ya wilaya, akaape mbele ya ofisa kwamba mtoto analelewa kwake. Asubuhi moja tu ya kupanga foleni. Akasema kesho. Mwansa akikumbusha, jibu lilikuwa hilo hilo: baba yake hajafa, naye aguswe mfuko kidogo. Mwenya alipougua malaria, walimpigia huyo baba, naye akatuma haraka sana picha ya mikono inayosali. Sampa alicheka nayo mtaa mzima, akituonyesha simu, kana kwamba picha ile ilikuwa inamhusu mtu mwingine peke yake. Kesho ikafikisha miaka minne.

Siku yenyewe Mwansa alikuwa sokoni na Sampa hakuwa na zamu. Mwenya aliamka ameshika tumbo, na kufika mchana hakuweza kusimama wima. Sampa akaita teksi, akatia kadi ya Chewe mfukoni. Njiani akamwinamia mtoto.

"Sikiliza, mama. Leo wewe ni Chewe. Akikuuliza mtu, hata akiwa daktari, wewe ni Chewe Kapasa. Sawa?"

"Sawa, baba."

Hospitalini wakatoa faili. Tabibu kijana akamgusa mtoto tumbo, akasoma, akageuza ukurasa, akatulia. Dalili zote zilikuwa za kidole tumbo, akasema, lakini faili linaonyesha kidole tumbo cha huyu kilitolewa hapa hapa mwaka juzi. Basi siyo hicho. Akaagiza dripu na kipimo cha malaria, akasema wasubiri.

Sampa alikuwa amesahau kabisa. Mwaka juzi alisimama kwenye korido ile ile wakati Chewe anapasuliwa, akaahidi kanisani mbuzi ambaye hakumtoa. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Akafungua mdomo, akakohoa.

Mwansa akafika mbio kutoka sokoni, na mama yake, Bi Kasuba, nyuma yake. Mkwe wa kiume hakai benchi moja na mama mkwe, wala hamtazami usoni, kwa hiyo Sampa akahamia ukuta wa mbali, akalikazia macho bango la kunawa mikono kama mtu anayejiandaa na mtihani. Hakuna siku ambayo aliipenda mila ile kama siku hiyo.

Jioni ikaja zamu ya Daktari Nalishebo. Akabonyeza tumbo upande wa kulia, mtoto akalia. Akafunua gauni, akainamisha taa.

"Ningeapa ni kidole tumbo. Mshono uko wapi?"

"Ulipona vizuri, daktari," Sampa akaliambia bango.

"Ulipona vizuri," Mwenya akarudia kitandani, meno yakigongana.

"Mshono haupotei kama moshi, mzee."

Mwansa akainua kadi iliyokuwa pembeni ya kitanda, akaisoma. Akamwonyesha mama yake. Bi Kasuba ndiye aliyesema, macho yake kwenye chupa ya dripu.

"Mwansa, hebu muulize huyo bwana aliyekula kuku wangu, mjukuu wangu leo anaitwa nani?"

Sampa akageuka. Akamtazama mkwewe usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Siyo Chewe. Ni Mwenya, mtoto wa mke wangu. Kadi ni ya binti yangu."

Hata katika kukiri alimwacha nje ya uzio, na nadhani alijisikia mwenyewe. Daktari hakumgombeza. Akamwuliza mgonjwa.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Chewe Kapasa."

"Sema jina lako, mama," Sampa akasema.

Mtoto akamtazama, akadhani anapimwa. "Chewe. Sijasahau, baba."

Sampa akapiga magoti kando ya kitanda, suruali yake kwenye sakafu iliyolowa dawa. "Nilikosa mimi. Sema Mwenya."

"Ulisema hata daktari," mtoto akasema, akaanza kulia.

Wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Karani akaja kuuliza gharama zinaandikwa kwa nani, kwa kuwa sasa si mgonjwa wa mgodi. Sampa akasema kwake, zikatwe kwenye mshahara, akatia sahihi. Akaambiwa pia kwamba ofisi ya mgodi itamwita juu ya ile kadi. Akakubali haraka, kama mtu aliyepewa nafuu. Alitaka mtu amfokee. Mwansa hakufoka.

"Walipokuwa wanasema siyo kidole tumbo," aliuliza, "ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapo mlangoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Mwansa akavuta kitenge begani, akaenda kukaa na mama yake.

Kidole tumbo kilitolewa kikiwa hakijapasuka. Asubuhi muuguzi akapita na sinia ya dawa akiita wagonjwa, akafika kitanda cha dirishani.

"Mwenya."

Mtoto alikuwa macho, na alisikia. Akageuza kichwa taratibu juu ya mto, akamtafuta Sampa, akamtazama. Muuguzi akaita tena. Sampa akainamisha kichwa kumkubalia, na ndipo Mwenya akaitika, polepole, macho bado kwake, kuhakikisha kwamba ameruhusiwa.